Imba, Kisha Vua Mahadhi: Mwongozo wa Nyimbo kwa Mwalimu wa Kiingereza

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Kiingereza wa Singida mwenye ubao, chaki na darasa lililojaa, basi. Kama shule yako ina umeme na spika, vizuri, utavitumia mbele huko. Njia inayoelezwa hapa haivihitaji. Inahitaji sauti za watoto, viganja vyao vya kupiga makofi, na mwalimu aliyeandaa sentensi zake tangu jana yake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: wimbo unaobaki wimbo haujafundisha Kiingereza. Watoto waimbe na wafurahi, lakini kabla wiki haijaisha, sentensi zile zile wazitamke bila mahadhi, mtu na mwenzake, kama watu wanaozungumza. Hatua hiyo walimu wengi huiruka, na ndiyo iliyobeba faida.

KWANZA, KWA NINI TUIMBE

Mtoto wa Iramba, Mkalama, Ikungi au Manyoni mara nyingi huanza maisha na Kinyiramba, Kinyaturu, Kisukuma au Kigogo. Kiswahili anakikuta kwa majirani, dukani na shuleni. Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, na akitoka darasani hana wa kuzungumza naye. Kisha Januari moja anaingia kidato cha kwanza na kukuta biolojia, jiografia na hisabati vyote vimegeuka Kiingereza. Wengi huanguka hapo. Akili wanazo, ila walikwisha kuichukia lugha yenyewe tangu darasa la tano. Kwa hiyo kumfanya mtoto akipende Kiingereza mapema ni kazi ya lazima, wala usikubali mtu akuambie unapoteza muda wa kipindi.

Adui wa kwanza wa hamu hiyo ni aibu. Mtoto anasimama peke yake, anasema "I goed", darasa zima linacheka, naye anaketi. Wiki ijayo hanyooshi mkono. Stephen Krashen, mtaalamu wa lugha wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1980 kwamba hofu na aibu huizuia lugha isiingie hata kama mwalimu anafundisha vizuri. Katika kuimba pamoja, sauti ya mmoja hufunikwa na ya wenzake. Anakosea bila kuonekana, anajirekebisha kwa kuwasikiliza wa pembeni, na ulimi wake unazoea kabla hajatakiwa kusimama mwenyewe. Hata mtoto mwenye kigugumizi mara nyingi huimba bila kukwama.

Sababu ya pili ni marudio. Sentensi haikai kichwani kwa kuandikwa mara moja ubaoni. Inataka isemwe mara nyingi, na hakuna mtoto anayependa kurudia "I went to the market" mara ishirini kwa kuamriwa. Ukiitia mahadhi, atairudia akiwa njiani na ndoo ya maji kichwani.

Sababu ya tatu wengi hawaijui, nami naiona kubwa kuliko zote. Katika Kiswahili kila silabi hupewa haki yake, na mkazo hukaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hakiendi hivyo. Hubana mkazo kwenye maneno machache na kuyameza mengine. Katika "I went to the market" nguvu ipo kwenye *went* na mwanzo wa *market*. "To the" hupita mbio, hata mtoto asiyezoea hayasikii. Ndiyo maana mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa kuandika anaweza kumsikiliza mgeni akiongea na asiambulie kitu. Mapigo ya makofi humfundisha kusikia mahali nguvu ilipo bila kumwekea nadharia ndefu.

Ushahidi upo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliwafundisha watu wazima 60 misemo ya Kihungari kwa dakika 15: wengine kwa kuisema, wengine kwa kuighani kwa mapigo, wengine kwa kuiimba. Walioimba ndio walioweza zaidi kuitamka baadaye. Dakika 15 si muhula mzima, wala hakuna aliyesema wimbo unachukua nafasi ya somo. Lakini inatosha kumjibu mwenzako ofisini anayesema nyimbo ni za chekechea.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilifundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza ya msingi: sauti ya redioni inauliza, watoto wanajibu kwa pamoja, na katikati kuna nyimbo na michezo. Zanzibar ikapita njia hiyo miaka ya 2000 kwa vipindi vya Tucheze Tujifunze. Na tangu mwaka 2014 watoto wa Tanzania wameona katuni za Ubongo Kids, zilizotengenezwa Dar es Salaam, zikifundisha hisabati na sayansi kwa nyimbo. Baadaye ikaja Akili and Me kwa wadogo zaidi. Anayesikiliza vipindi hivyo kwa makini ataona kwamba mtoto haachwi kimya muda mrefu. Kila mara anaulizwa na anajibu. Hilo unaweza kulifanya bila redio wala luninga.

MAHADHI UNAYO TAYARI

Walimu wengi wakisikia "wimbo wa Kiingereza" wanafikiria ule wa kugusa kichwa, mabega, magoti na vidole. Ni mzuri kwa darasa la kwanza. Kwa darasa la sita umechosha, na sentensi zake hazihusiani na azimio lako la kazi.

Angalia badala yake walicho nacho watoto. Asubuhi kwenye mchakamchaka mmoja anatoa, mia wanapokea, huku wanakimbia. Wakati wa mapumziko wasichana wanaruka kamba kwa nyimbo zenye mapigo makali. Kuna michezo ya makofi ya wawili wawili, kuna ngoma za harusi na mavuno, kuna kwaya. Karibu zote zina kiongozi na kiitikio, na kiongozi na kiitikio ni swali na jibu. Yaani umbo la mazungumzo lipo, linasubiri maneno ya Kiingereza.

Tahadhari mbili. Usichukue mahadhi ya kaswida wala ya pambio. Darasani kuna watoto wa dini zote mbili, na mzazi wa upande wowote ana haki ya kuuliza. Na kabla ya kuchukua mahadhi ya ngoma ya kienyeji, muulize mzee mmoja au mama mtu mzima wa kijiji. Zipo nyimbo ambazo ni za unyago, jando au matambiko, na kuzitoa uwanjani kwa watoto wote ni kuvunja heshima ya watu. Za mchakamchaka na za kamba hazina shida hiyo. Anza nazo.

HATUA KWA HATUA: WIMBO MMOJA, WIKI MOJA

Mfano wetu ni wakati uliopita kwa darasa la tano au la sita. Nimeuchagua kwa sababu ya kosa moja linalosumbua hadi kidato cha nne: "I did went". Mwanafunzi amesikia *did* kwenye swali, amesikia *went* kwenye jibu, akaviunganisha. Wimbo wenye swali na jibu unaviweka kila kimoja mahali pake.

1. Chagua sentensi kwanza, wimbo baadaye. Fungua azimio la kazi, tazama wiki hiyo unafundisha nini, kisha andika maswali manne na majibu manne, yasizidi hapo. Kila mstari uwe na mapigo mawili ya nguvu:

   *Where did you go? — I went to the market.*
   *What did you buy? — I bought three onions.*
   *Who did you see? — I saw my teacher.*
   *What did she say? — She said, "Good morning!"*

   Vitenzi vinne vinavyobadilika umbo vimo humo, na kila kimoja kina swali lake lenye *did*.

2. Leta maana kabla ya sauti. Ingia na vitunguu vitatu mkononi. Singida havitafutwi mbali. Igiza kwenda, kununua, kumwona mtu. Palipo pagumu sema kwa Kiswahili sentensi moja, urudi. Mtoto wa darasa la chini akidokezwa neno na mwenzake kwa Kinyaturu, mwache. Usiimbishe watoto maneno wasiyoyaelewa hata siku moja.

3. Ghani kwa makofi, bila mahadhi. Sema mstari, piga kofi kwenye neno lenye nguvu tu: *I WENT to the MARket*. Wao warudie. Watataka kupiga kofi kwenye kila silabi, kwa sababu Kiswahili kimewazoesha hivyo. Simamisha, onyesha tena, makofi mawili tu. Usiende hatua ya nne mpaka makofi yamekaa.

   Hapa hapa shughulikia matamshi. *Bought* inaishia na *t* kavu, isiwe "boti". *Market* isiwe "maketi". *Said* hutamkwa "sed", ingawa maandishi yanadanganya. *Onions* huanza na sauti ya *a*. Ni rahisi kurekebisha sasa kuliko baada ya wimbo kuenea shule nzima.

4. Tia mahadhi. Kwa mchakamchaka: wewe uliza, wao wajibu huku wakikimbia papo hapo walipo. Mara tatu zinatosha. Kisha geuza: wao wanauliza, wewe unajibu. Hatua hiyo ya kugeuza ni muhimu sana, maana watoto wetu wamezoea kujibu Kiingereza, hawajazoea kuuliza.

5. Toa uongozi. Safu za dirishani waulize, za mlangoni wajibu. Halafu mwanafunzi mmoja aongoze. Usianze na monita wala yule anayejua kila kitu. Chagua mtoto wa katikati, mwenye sauti lakini asiyetajwa sana.

6. Badilisha neno. Sasa *market* inatoka, inaingia *Kiomboi*, *Nduguti*, *Itigi*, au mahali mtoto alipokwenda kweli. *Three onions* inakuwa *a hen*, *some honey*, *a bag of salt*. Anayeuza alizeti na baba yake aulizwe *What did you sell?* naye ajibu *I sold sunflower seeds*. Kuanzia hapa wimbo ni wa kwao, na ndipo hamu inapoanza kuonekana usoni.

7. Vua mahadhi. Waambie wakae wawili wawili, wasemezane sentensi zile zile kwa sauti ya kawaida, bila kuimba na bila makofi. Patakuwa na ukimya kidogo, na wengine watateleza warudi kwenye wimbo. Usikasirike, wape dakika. Pita kati ya madawati, sikiliza. Mwishoni waite jozi mbili au tatu wasimame wazungumze mbele ya wenzao. Kwa kuwa wameshayasema maneno hayo mara nyingi mno, hawatacheka sana, na anayekosea atasaidiwa na mwenzake.

8. Andika. Kila mtoto aandike daftarini majibu yake manne ya kweli: alikwenda wapi, alinunua nini, alimwona nani, mtu huyo alisema nini. Hiyo ni insha yake ya kwanza ya wakati uliopita.

Hatua hizi si za kipindi kimoja. Siku ya kwanza fika hatua ya nne. Siku ya pili rudi kwa kuimba mara moja, uende hadi ya sita. Siku ya tatu vua mahadhi na muandike. Katika kila kipindi wimbo usizidi dakika 10. Muda uliobaki ni wa kitabu na mazoezi kama kawaida.

KISANDUKU: KABLA YA KUINGIA DARASANI

☐ Sentensi zangu zinatoka kwenye azimio la kazi la wiki hii.
☐ Nimeziandika kwenye andalio la somo pamoja na lengo. Mthibiti ubora akipita akute watoto wanaimba, lengo liwe linasomeka.
☐ Nimezitamka mwenyewe kwa sauti na kuhesabu mapigo.
☐ Mwalimu wa darasa la jirani anajua leo tutaimba, na saa ngapi.
☐ Nina kitu cha kushika mkononi: kitunguu, yai, punje za alizeti.
☐ Nimepanga ni siku ipi na dakika zipi tutavua mahadhi.

HALI YA SINGIDA: MVUA, UPEPO, WINGI

Msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, mvua ikipiga bati hakuna wimbo utakaosikika. Siku hiyo tumia makofi na midomo: mwalimu anatamka bila sauti, watoto wanasoma midomo na kupiga mapigo. Ni zoezi zuri kuliko linavyoonekana. Kiangazi shida ni upepo. Ukiwatoa nje, wapange nyuma ya jabali kama shule yenu ina jabali, na wewe simama upande ambao upepo unaipeleka sauti yako kwao.

Darasa la watoto 80 au 100 wasiimbe wote muda wote. Wagawe makundi manne. Kila swali liwe la kundi moja na jibu la jingine, na yanayosubiri yapige makofi ya taratibu. Hapo utasikia nani anameza maneno.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

*Wimbo ulioganda.* Mfano umo katika karibu kila shule: mwalimu anaingia, watoto wanasimama na kuvuta "Good morning, teacher" kwa mahadhi marefu ya pamoja. Kutana na mtoto huyo huyo saa tisa alasiri kisimani, mwambie "Good afternoon", atakujibu "Good morning". Ameshika sauti, hajashika lugha. Dawa yake ni hatua ya sita na ya saba: badilisha neno, vua mahadhi. Anza na salamu hiyo hiyo kesho asubuhi. Mwulize mtoto mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida, *How is your mother today?*

*Kuligeuza somo kuwa kwaya.* Mashindano ya UMITASHUMTA ni mazuri na kwaya ya shule ina nafasi yake. Lakini ukianza kuchagua sauti nzuri na kuwaambia wengine wanyamaze, umewarudishia ile aibu uliyotaka kuiondoa. Darasani kila sauti iimbe, hata ile mbovu.

*Wimbo mrefu.* Mistari minne iliyoeleweka ni bora kuliko beti tano za kasuku.

*Kuimba kama adhabu.* "Umechelewa, imba." Usifanye hivyo kamwe. Ni jamaa wa ile tabia ya kumvika mtoto kibao shingoni kwa sababu amezungumza Kiswahili: inamfundisha kwamba Kiingereza ni mahali pa kudhalilishwa.

*Kusahihisha katikati ya wimbo.* Acha umalizike. Andika pembeni kosa ulilosikia, urudi nalo kwenye kughani.

*"Mimi sijui kuimba."* Si lazima. Mwalimu mmoja wa New York, Carolyn Graham, alichapisha mwaka 1978 kitabu cha Jazz Chants, ambacho ndani yake kuna mazungumzo ya kawaida ya kughaniwa kwa mapigo tu. Walimu wa nchi nyingi wameitumia njia yake bila ala yoyote. Ukijua kupiga kofi na kutamka, unatosha. Mahadhi watatia watoto wenyewe.

SEKONDARI: VIJANA HAWATAKI UTOTO

Kidato cha pili na cha tatu sauti za wavulana zinavunjika, na hakuna anayetaka kuimba mbele ya wasichana. Usiwalazimishe. Waache wachane. Mistari ya kuchana ina mapigo yale yale ya Kiingereza, na kijana anayejua bongo fleva tayari anajua kuhesabu mapigo kuliko wewe.

Kwa kidato cha kwanza ninashauri mistari ya masomo mengine, kwa sababu huko ndiko Kiingereza kinakowaumiza. Chukua biolojia ya wiki hiyo:

*The root takes water from the soil,*
*The leaf takes light from the sun,*
*The plant makes food in the leaf all day*
*And stores some when it is done.*

Waonyeshe *takes*, *makes*, *stores*: ile *s* ya mwisho wanayoisahau. Halafu kila kundi liandike mistari yake minne kuhusu kitu kingine: moyo, mvua, mmomonyoko wa udongo, jinsi mafuta ya alizeti yanavyokamuliwa. Mwalimu wa somo husika akague ukweli wa maneno, wewe ukague lugha. Kundi likishachana, lieleze mada hiyo bila mapigo. Kanuni haibadiliki kwa sababu wamekua.

Ukitaka nyimbo zilizorekodiwa, chagua kwa masikio ya mwanafunzi. Wimbo uwe wa polepole, matamshi yawe wazi, na sentensi ziwe kamili. Hayati Lucky Dube wa Afrika Kusini aliimba reggae kwa Kiingereza kinachosikika neno kwa neno. Jim Reeves na Don Williams wa Marekani wana mashabiki wengi Afrika Mashariki kwa sababu hawana haraka. Wazazi wa wanafunzi wako wanawajua. Nyimbo nyingi za Naijeria vijana wanazipenda, lakini nyingi zina Pijini. Zitumie kuonyesha tofauti, usizitumie kama kielelezo cha sarufi ya mtihani. Na popote utakapokuta *ain't*, *gonna* au kukanusha mara mbili, sema waziwazi: hii ni ya wimboni, kwenye karatasi ya mtihani itakukosesha alama.

Utaratibu wa kusikiliza:

1. Sikiliza mwenyewe hadi mwisho. Maneno ya matusi, ulevi au mapenzi ya kikubwa yakiwemo, tafuta mwingine.
2. Andika ubaoni kichwa cha wimbo tu, waulize wanadhani unahusu nini.
3. Piga mara ya kwanza wasikilize bila kalamu. Simu yako ikiwekwa ndani ya bakuli kavu husikika zaidi. Kwa darasa kubwa azima spika ya betri.
4. Andika ubeti mmoja ubaoni ukiacha nafasi wazi sita, zote za aina moja: vitenzi vya wakati uliopita, au vihusishi. Piga tena, wajaze.
5. Wajadiliane wawili wawili: mwimbaji ana tatizo gani? Wewe ungemshauri nini? Hapa ndipo wanaposema Kiingereza chao wenyewe, kwa hiyo usiufupishe muda huu.
6. Waandike barua fupi kwa mwimbaji au ubeti wa kuendeleza wimbo.

Mkirekodi kitu kinachotumia wimbo wa msanii na mkataka kukisambaza mtandaoni, ulizeni kwanza Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Na picha za watoto wakiimba zisiende kwenye makundi ya simu bila ridhaa ya mzazi na mkuu wa shule.

UTAJUAJE KAMA INAFANYA KAZI

Kelele za furaha si kipimo. Fanya hivi: kila Ijumaa chukua daftari la mahudhurio, chagua majina 10 tofauti na ya wiki iliyopita. Waite mmoja mmoja mezani wakati wenzao wanafanya zoezi, uulize maswali mawili ya wimbo bila mahadhi, na moja ambalo halikuwemo, kwa mfano *What did you eat yesterday?* Weka alama:

- Amejibu la wimboni kwa kuliimba tu: bado.
- Amejibu la wimboni kwa kuzungumza: sentensi imeingia.
- Amejibu lile jipya, hata kwa neno lenye kosa: ameanza kuitumia lugha.

Ikiwa wengi wako kwenye "bado" baada ya wiki mbili, wimbo ulikuwa mrefu au uliruka hatua ya saba. Usibadilishe wimbo. Rudi kwenye kughani, punguza mistari iwe miwili.

Tazama pia kitu ambacho hakiandikwi: mikono. Yule aliyekuwa hanyooshi mkono mwezi wa pili, ananyoosha mwezi wa nne? Mwandike jina.

DAFTARI LA NYIMBO

Tenga daftari moja la kurasa 96. Kila wimbo upate kurasa mbili: upande mmoja sentensi na alama za makofi, upande wa pili darasa, mada, mahadhi uliyotumia, matamshi yaliyosumbua na maneno ambayo watoto waliyabadilisha wenyewe. Hayo ya mwisho yahifadhi vizuri, kwa sababu mwakani yatakuwa mifano bora kuliko ya kitabu.

Mnapokutana kwenye Jumuiya ya Ujifunzaji ya shule au ya kata, katika utaratibu wa MEWAKA, kila mmoja aje na wimbo mmoja wa kuufundisha kwa dakika tano, wenzake wakiwa wanafunzi. Waombe wakwambie mapigo yako yako wapi na neno gani umelitamka vibaya, maana sisi walimu pia Kiingereza chetu tulikipata kwa wengine waliokipata kwa wengine. Na ule wimbo ulioshindikana kwako uupeleke pia, pamoja na maelezo ya mahali ulipokwama; huenda mwenzako wa shule ya pili akaona mstari uliozidi, akaukata, na wiki inayofuata darasa lake likauimba.